Wimbi la pili la kwinoni linanihama kila siku, nimekosea wapi?

mjukuu_wa_hina

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo. Wiki ya pili hii naamka na jambo moja tu kichwani, na shangazi ameanza kunitazama kama mtu aliyepandwa na pepo.

Niko Tanga, Ngamiani. Nilimaliza shahada ya kemia mwaka juzi, kazi bado, na kwa sasa namsaidia shangazi kuchora hina za maharusi. Ndiko balaa lilikoanzia. Shangazi anaijua hina kwa pua. Anafungua gunia, ananusa, anasema hili litakolea, lile litatoa rangi ya chai ya jana, na hakosei. Nikajisemea: kinachotia rangi ni losoni, losoni ni kwinoni (pete ya kaboni yenye oksijeni mbili zilizoshikwa kwa vifungo maradufu), na kwinoni nilishazipima chuoni zikipokea elektroni. Kwa nini nisipime na hii?

Mwalimu wangu wa zamani akaniazima potenshiostati ndogo (kifaa cha kubadilisha volti huku kikipima mkondo) ya kuchomeka kwenye kompyuta mpakato, akanipa na vichupa vitatu: naftokwinoni ya kawaida (1,4), jugloni na losoni. Hizo mbili za mwisho ni ndugu wa tumbo moja, zote C10H6O3, gramu 174 kwa moli. Tofauti yao ni pale OH ilipokaa: jugloni iko nafasi ya 5, losoni nafasi ya 2. Binamu yangu anafundisha sekondari, kaniombea chumba cha maabara jioni wanafunzi wakishaondoka.

Vifaa: elektrodi ya kaboni ya kioo ya milimita 3, naisugua kwa unga wa alumina kabla ya kila kipimo. Waya wa platini. Elektrodi rejea, ya kulinganishia volti, ya dukani sina, natumia waya wa fedha niliouchukua kwa sonara, na mwisho wa kila kipimo natia chembe ya feroseni (kiwanja cha chuma chenye volti inayojulikana) ili nisome kila kitu kwa kulinganisha nayo. Kiyeyushi ni asetonitrili mililita 10, chumvi ya tetrabutilamonia 0.1 M (moli kwa lita), kwinoni 1 mM. Mtungi wa argoni, wa kufukuzia oksijeni, nimeazimwa na fundi anayechomea aluminiamu. Sharti lake: Idi ikifika nimchore mkewe mikono na miguu, bure.

Sasa tatizo lenyewe. Nilianza na naftokwinoni ya kawaida kwa kuwa ndiyo nyepesi kuielewa. Siku ya kwanza nilipata mawimbi mawili (mkondo unapopanda elektroni zikiingia) safi kama ya kitabuni: la kwanza -1.10 V, la pili -1.66 V, ukilinganisha na feroseni. Pengo 0.56 V. Nikapiga vigelegele peke yangu mle ndani, mlinzi akaja kuchungulia.

Siku ya pili, vitu vilevile, chupa ileile: pengo 0.42. Siku ya tatu: 0.39. Wimbi la kwanza limesogea kidogo tu, la pili ndilo linalokimbia kuelekea upande chanya. Nimesugua elektrodi mpaka vidole vinauma. Nimebadilisha chumvi. Hakuna.

Na losoni ndiyo kabisa, sitaki hata kuizungumzia. Kilele cha kwanza kifupi, nusu ya nilichotarajia, halafu kuna kingine huko mbali kwenye hasi ambacho sijui kimetoka wapi.

Nimekosea wapi?

tingatinga_la_pangani

Dada, mji wenyewe ni waja leo waondoka leo. Wimbi litulie limekuwa nani?

chumvi_ya_mawe

Ni huo waya wa fedha. Waya mtupu hauna volti ya kudumu, leo hivi kesho vile. Tafuta elektrodi rejea ya kweli kabla hujapoteza muda zaidi.

kaboni_ya_kioo

@chumvi_ya_mawe, hapana mkuu. Waya ukihama unahama na mawimbi yote mawili kwa pamoja, kama mtu aliyesogeza rula. Pengo kati yake halibadiliki. Huyu dada pengo limepungua kwa 0.17 V, tena ameshasahihisha kwa feroseni. Waya wa sonara hauna kosa hapa.

@mjukuu_wa_hina, nina maswali mawili. La kwanza: ile argoni, kutoka kwenye mtungi mpaka kwenye chombo chako inapita wapi? Nieleze kila kitu, hata mpira. La pili: siku ya kwanza ulifanya nini ambacho siku ya pili hukukifanya?

mjukuu_wa_hina

Kaka, swali la pili limenifanya nikae chini.

Siku ya kwanza mpira ulikuwa mfupi, nikautoa mtungini moja kwa moja hadi kwenye chombo, na mrija mwembamba wa kioo mwisho wake. Siku ya pili nikanunua mpira wa dripu duka la dawa, mrefu, nikaweza kuweka chupa ya kuoshea gesi katikati. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni: gesi ipite kwanza kwenye chupa ya maji yaliyotoneshwa ili isikaushe myeyusho. Na siku ya tatu niliiacha ibubujike dakika 40 badala ya 20, kwa sababu niliona kijilima cha oksijeni katikati ya mawimbi mawili.

Usiniambie ni maji.

kaboni_ya_kioo

Ni maji.

Chuoni mlikuwa mnapima kwenye maji, kwa hiyo chupa ya maji ilikuwa sawa. Kanuni ni kwamba gesi ipite kwenye kiyeyushi kilekile ulichonacho ndani. Ukiwa na asetonitrili, chupa ya katikati iwe na asetonitrili. Wewe umejenga mtambo wa kupeleka maji mahali pasipotakiwa maji, na ukaupa dakika 40.

Tupige hesabu. Gesi iliyoshiba mvuke kwa nyuzi 30, na Tanga haishuki sana hapo jioni, inabeba kama gramu 30 za maji kwa mita moja ya ujazo. Kwa dakika 20 tuseme umepitisha lita 2. Hiyo ni miligramu 60. Asetonitrili inayanywa maji hayo bila kubisha. Miligramu 60 katika mililita 10 ni karibu 0.33 M. Kwinoni yako ni 1 mM. Yaani kila molekuli ya kwinoni imezungukwa na molekuli 330 za maji ambazo hukuzialika. Dakika 40, zidisha kwa mbili.

Kwa nini wimbi la pili ndilo linalohama? Katika kiyeyushi kikavu kisicho na protoni za kutoa, kwinoni inapokea elektroni moja moja. Ya kwanza inaifanya radikali yenye chaji hasi moja, ya pili inaifanya dianioni, chaji mbili hasi, na nyingi ya chaji hiyo inakaa kwenye zile oksijeni mbili. Kuongeza elektroni juu ya kitu ambacho tayari ni hasi ni kazi, ndiyo maana mawimbi yako yaliachana zaidi ya nusu volti.

Mfikirie mama anayetoka kisimani. Ndoo ya kwanza anaweza kuipachika kichwani hivihivi. Ukimwongezea ya pili bila ngata shingo inakataa. Maji ni ngata. Yanaelekeza haidrojeni zake kwenye oksijeni za kwinoni na kufunga vifungo vya haidrojeni, na kadiri oksijeni inavyokuwa na chaji hasi nyingi ndivyo kifungo kinavyokaza. Kwinoni isiyo na chaji karibu haihitaji ngata. Radikali inaihitaji kidogo, ndiyo maana wimbi lako la kwanza limesogea kidogo. Dianioni inaihitaji kufa na kupona. Kwa hiyo elektroni ya pili inaingia kwa volti ndogo kuliko mwanzo, na pengo linapungua.

Usichanganye hilo na protoni kuhama kabisa. Ngata inakaa kati ya kichwa na ndoo. Ndoo bado ni yako. Ukitia asidi ya nguvu, asidi haikupi ngata, inamtwika protoni kwinoni moja kwa moja, na hapo picha yote inageuka: linatokea wimbi jipya kabla ya lile la kwanza, linakua kadiri unavyoongeza asidi, na elektroni mbili zinaingia kwa mkupuo. Kwako wimbi la kwanza lina urefu uleule? Ukirudi nyuma kilele cha kurudi kipo?

mjukuu_wa_hina

Urefu uleule. Kilele cha kurudi kipo, kwa mawimbi yote mawili.

Mwenzenu nimeona aibu, lakini pia nimecheka. Nimemweleza shangazi habari ya ngata, akasema "sasa hicho ndicho kisomo, siyo yale mengine."

kaboni_ya_kioo

Basi ni vifungo vya haidrojeni, umeme uko salama, wewe uko salama. Usilitupe kosa lako, lipime. Weka asetonitrili kwenye chupa ya kuoshea, upate tena pengo la siku ya kwanza, kisha tia maji kwa makusudi, mikrolita 10 kila mara. Kila mikrolita 10 kwenye mililita 10 zako ni 55 mM. Fika mikrolita 100. Chora volti ya wimbi la pili dhidi ya logi ya kiasi cha maji. Mstari ukinyooka, mteremko wake unakuhesabia molekuli za maji zilizojifunga kwenye dianioni: karibu milivolti 60 kwa kila molekuli moja, kila unapozidisha maji mara kumi.

mwalimu_mstaafu_muheza

Binti yangu, na wengine wote, salamu. Nimesoma kwa furaha. Mimi nilifundisha kemia miaka mingi na potenshiostati sijawahi kuigusa, lakini kwinoni nazifahamu kwa njia nyingine, na hakuna aliyemjibu binti kuhusu losoni. Acheni nijaribu.

Losoni yenyewe ni asidi. Ile OH ya nafasi ya 2 imekaa pembeni mwa kaboni yenye oksijeni, na pKa yake (kipimo cha nguvu ya asidi) ni karibu 4, nguvu inayokaribia ya siki. Jaribu nyumbani: kamua maji ya hina, gawa vikombe viwili, kimoja tia ndimu, kingine magadi kidogo. Cha ndimu kitapauka kuelekea manjano, cha magadi kitawaka wekundu wa machungwa. Huo wekundu ni losoni iliyopoteza protoni.

Sasa kwenye chombo chako kilichokauka hakuna ndimu wala maji. Losoni ya kwanza inayopokea elektroni inageuka kuwa na njaa ya protoni. Itaipata wapi? Kwa jirani yake, losoni ambayo bado haijapokea kitu. Inamnyang'anya. Jirani anabaki anioni, yaani mwenye chaji hasi, na anioni haitaki elektroni ila umlazimishe kwa volti hasi zaidi. Hivyo basi kilele chako cha kwanza ni kifupi kwa sababu sehemu ya losoni imenyang'anywa na kutolewa mchezoni, na kile kilele cha mbali ni cha hao walionyang'anywa. Hakijatoka nje, ni wa nyumbani. Ukitaka kuhakikisha, tia asidi ya benzoiki kidogo kidogo. Protoni zikipatikana kwingine, kilele cha kwanza kitakua na cha mbali kitafifia.

Jugloni ni tabia nyingine kabisa. OH yake ya nafasi ya 5 inaitazama oksijeni ya jirani uso kwa uso na kujifunga nayo kwa kifungo cha haidrojeni ndani ya molekuli moja. Anatembea na ngata yake mwenyewe. Utaona inapokea elektroni kwa wepesi kuliko naftokwinoni ya kawaida, kwa zaidi ya milivolti 100, hata kwenye kiyeyushi kikavu. Ndugu wa tumbo moja, kama ulivyosema, mmoja anajitegemea na mwingine ananyang'anya majirani.

Mniruhusu na porojo za uzee. Jina hili kwinoni lina asili karibu na kwetu kuliko mnavyodhani. Mwaka 1838 Mrusi Alexander Woskresensky, akifanya kazi kwa mwanakemia Liebig huko Giessen, Ujerumani, alichukua asidi iliyotoka kwenye gome la mkwinini, akaioksidisha, akapata fuwele za manjano zenye harufu kali. Mkwinini huohuo Wajerumani waliupanda Amani, juu yangu hapa milimani, walipoanzisha kituo chao cha utafiti mwaka 1902. Harufu ya benzokwinoni mnaijua pia hata kama hamjaingia maabara: mshike jongoo mkubwa mweusi baada ya mvua, akuachie doa la kahawia kidoleni, kisha nusa. Majongoo wengi wakubwa hujikinga kwa benzokwinoni.

Na jambo la mwisho. Kabla elektrodi za kioo hazijaenea, watu walipima pH kwa kwinhidroni, fuwele za kijani zinazong'aa kama mgongo wa mbawakawa. Wöhler alizitengeneza mwaka 1844, na Mdenishi Biilmann akazifanya elektrodi mwaka 1921. Ni kwinoni na haidrokwinoni, moja kwa kila moja, zimeshikana ndani ya fuwele kwa vifungo vya haidrojeni. Kwenye maji yenye asidi elektroni mbili na protoni mbili huingia pamoja, volti inaanzia 0.699 kwenye pH 0 na kushuka milivolti 59 kwa kila pH moja. Ukipita pH 8 haziaminiki tena.

chumvi_ya_mawe

Mwalimu, shikamoo. Nimekosea kuhusu waya, nakubali. Ila nauliza kwa nia njema: haya yote yana faida gani nje ya chupa?

kaboni_ya_kioo

Jani lolote nje ya dirisha lako. Kwenye mtambo unaopasua maji ndani ya jani kuna plastokwinoni mbili, molekuli ileile kabisa. Moja imebanwa mahali ambapo inapokea elektroni moja tu na kuipitisha. Ya pili imekaa mahali pengine kwenye protini, inapokea mbili, inachukua protoni mbili, inaondoka zake. Kinachozitofautisha ni majirani waliozizunguka, na vifungo vya haidrojeni vimo kati ya hao majirani. Dada yetu kwenye mililita 10 ameigiza jambo hilo bila kukusudia, kwa kutumia mpira wa dripu.

mjukuu_wa_hina

Mwalimu, shikamoo. Kaka wa kaboni, asante. Nimerudi na matokeo.

Chupa ya kuoshea nimeijaza asetonitrili. Nimeipata 0.55, siyo 0.56, lakini sikatai. Kisha nikatia maji kwa makusudi kama ulivyosema, mkono ukitetemeka, maana pipeti ya mikrolita ni ya kuazima na ina msimamo wake. Kwa mikrolita 10 za kwanza pengo likawa 0.51. Kwa mikrolita 100 likawa 0.40. Katikati mstari umenyooka vizuri, isipokuwa nukta moja ambayo umeme ulikatika na nikarudia haraka haraka. Wimbi la pili limehama 0.13 V kutoka 55 mM hadi 550 mM, la kwanza 0.02 tu. Kwa hiyo molekuli mbili za maji na ushee kwa kila dianioni. Huo ushee sijui niupeleke wapi.

Halafu nikarudi kwenye daftari. Pengo la siku ya pili, 0.42, kwenye mstari wangu linaangukia maji 0.3 M na kidogo. Siku ya tatu, 0.39, karibu 0.7. Hesabu yako ya mvuke ilisema 0.33 na mara mbili yake. Nilikaa kimya dakika nzima.

Jugloni: wimbi la kwanza -0.93. Mwalimu ulisema zaidi ya milivolti 100. Mimi nimepata 170. Losoni sijaitia asidi ya benzoiki kwa sababu sina, ila jaribio la vikombe nimelifanya jikoni. Cha magadi kimewaka kama ulivyoeleza. Shangazi hakushangaa. Kasema ndiyo maana marehemu bibi alikuwa hamruhusu mtu aliyetoka kupika maharage kwa magadi kugusa bakuli la hina kabla hajanawa. Mimi miaka yote nilidhani ni mwiko tu.

Kitu kimoja kimebaki. Chupa yangu ya asetonitrili imeshafunguliwa mara nyingi na unyevu wa huku mnaujua. Nataka kuikausha. Nani ana punje za kukaushia?

kaboni_ya_kioo

Huo ushee usikusumbue. Mstari hautoi namba kamili, unatoa wastani wa dianioni zote zilivyofungwa, na maji hupenda kushikana yenyewe kwa yenyewe pia.

Punje unazotaka ni za zeolaiti za anstromu 3, siyo 4. Kwenye za 4 asetonitrili yenyewe inaingia matunduni. Lazima uzichome kwanza kwa nyuzi 250 au 300 masaa kadhaa, vinginevyo utakuwa umeongeza maji mengine.

tingatinga_la_pangani

Jirani yetu ana tanuri la mikate. Ila ukimharibia harufu ya boflo mimi simo.

kaboni_ya_kioo

Mimi niko Dar, nina nusu kopo la punje za 3, zimekaa. Naweza kukupa kwa basi la asubuhi, uzipokee stendi ya Kange. Niambie siku.

mjukuu_wa_hina

Alhamisi. Ijumaa na Jumamosi tuna harusi mbili, sishiki kitu zaidi ya hina. Nauli ya mzigo nalipa mimi nikipokea, usilipe huko.